Chui Mwenye Kibali

Maneno kwamba Bi Wanu anafuga chui, Tabia aliyapata kisimani, asubuhi, wakati anangoja zamu yake ya kuteka. Aliyeyasema ni Mwanakheri, mke wa muuza samaki, naye aliyasema kama mtu anayetaja bei ya muhogo. Alisema mbuzi wa kila mtu pale kijijini wameshaguswa na chui, wa Bi Wanu hajaguswa hata mmoja. "Sasa wewe jiulize," akasema, akajitwika ndoo yake, akenda zake. Tabia akabaki anajiuliza.

Kijiji chenyewe kiko njia ya Paje, ubavuni mwa msitu wa Jozani, na wakati huo majumba marefu ya Michenzani ndiyo kwanza yanapanda kule mjini. Bi Wanu alikuwa mjane, jirani wa Tabia, mlango kwa mlango. Alikuwa na mbuzi wachache, na jua likizama akiwaingiza ndani akalala nao. Hilo watu wote walilijua, na jibu la kwa nini chui hawawapati lilikuwa hapo hapo, lakini mtu akishaingiwa na maneno hatafuti jibu. Tabia alijaribu kuyatoa kichwani yakakataa. Aliyasikia akipepeta mchele, aliyasikia akiswali, aliyasikia akimsuka mwanawe nywele.

Mwanawe ni Kurwa, msichana wa miaka sita. Doto alikufa kwa homa kabla ya kuota meno, na mama aliyekwisha kuzika pacha mmoja huogopa hata upepo unaompitia wa pili. Kutwa Kurwa alikuwa kwa Bi Wanu, akifundishwa kusuka ukili wa mikeka. Siku moja akarudi na michirizi myekundu mikononi, imekwenda sambamba.

"Nini hii?"

"Miba ya ukindu, mama. Bi Wanu kanifundisha kuchana."

"Miba ndiyo inachora namna hii?"

"Ndiyo, mama."

Tabia aliitazama ile michirizi mpaka ikawa si miba tena.

Siku hizo tawi la chama lilikuwa limemleta fundi wa kusaka chui, mtu wa mbali, mwenye ngoma na vijana wenye mikuki. Kila alasiri watu waliitwa uwanjani wakaulizwa nani anafuga. Mambo ya kufuga watu wa Unguja wanayajua tangu zamani: chui wa msituni ni wa Mungu, na chui wa kufugwa ni wa mtu. Huyu wa mtu hulishwa kwa siri, na akija hukaa upande wa kushoto wa mwenyewe. Fundi akauliza kama kawaida yake. Tabia akasimama. Alitaka kusema amesikia. Lakini kusikia kila mtu kasikia, na mkononi alikuwa amemshika mtoto mwenye michirizi, na macho yote yalikuwa yamemgeukia.

"Nimemwona," akasema. "Magharibi, mlangoni kwa Bi Wanu, anakula ndani ya bakuli."

Hakumwona. Hakuna mtu aliyemwona.

Bi Wanu alinyolewa nywele pale pale uwanjani. Mbuzi wake walichinjwa wakagaiwa watu, na yeye akaambiwa ahame. Akaenda Mtoni, kwa mtoto wa dada yake. Nyumba yake ikafanywa ghala la tawi, ikatiwa mchele. Tabia aligaiwa paja. Alilipika kwa nazi, likaliwa.

Masika yalipokwisha walikuja Wajerumani wawili, mke na mume. Bwana Dita alikuwa injinia wa yale majumba ya Michenzani, na Kiswahili chake alikipata kwa mafundi wa zege. Mkewe, Bi Renata, alikuwa na darubini shingoni asiyoivua hata akila. Walikuwa wamepewa ruhusa ya kupiga mahema msituni watazame wanyama. Mume wa Tabia, Mjaka, alikuwa mlinzi wa msitu, kwa hiyo yeye ndiye wa kuwatembeza, na Tabia akachukuliwa kupika. Kurwa walikwenda naye. Zamani angeachwa kwa Bi Wanu. Hilo hapana aliyelisema, na wote watatu walilifikiri njia nzima.

Mahema yalisimamishwa chini ya miti ya mitondoo. Kima punju waliwaona siku ya kwanza tu, kundi zima, migongo myekundu, nywele zimewasimama kama wametoka kuamka. Bi Renata alifurahi sana. Tabia hakufurahi, kwa kuwa kila akigeuka walishuka wakamwibia mkaa mekoni, wakaenda kuutafuna juu ya mti.

"Mama, kwa nini nakula mkaa?" Bwana Dita akauliza.

"Tumbo, bwana. Majani yanawachafua tumbo, mkaa unawapoza."

"Kama dawa."

"Dawa yao, mkaa wangu."

Mjaka akacheka. Akawaonyesha na alama za paa nunga kwenye matope, na pimbi aliyelala katika pango la mti. Bwana Dita akauliza kama chui wapo. Mjaka akasema walikuwepo, lakini fundi wa tawi kapita na mikuki, sasa mtu asitegemee.

Jioni, Tabia amebandika wali, chui akatoka kichakani. Alikuja taratibu, akapita kati ya mahema, akaruka kamba bila ya kuigusa, akaja akakaa kando ya mafiga, upande wa kushoto wa Tabia. Alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika. Bi Renata akainua darubini akamtazama, na kwa kuwa chui alikuwa karibu mno hakuona ila madoa. Bwana Dita akapiga picha. Kurwa akasogea kidogo kumpisha nafasi.

"Chui hii ya nani?" Bwana Dita akauliza.

"Si wa msitu huyu," Mjaka akasema. "Huyu wa mtu." Akamtazama mkewe, halafu akautazama moto.

Tabia akamwambia chui toka. Chui akapiga miayo. Wakampa kipande cha nyama, akakinusa akakiacha. Wakampa samaki, wali, maziwa ya kopo, vyote akavinusa kwa adabu akaviacha. Akawa anamtazama Tabia mdomoni.

Wageni wakataka kujua habari za chui wa kufugwa. Tabia alikuwa mpishi wao, na mgeni akikuuliza utasema huna maneno? Akawasimulia ya Bi Wanu, kama alivyoyasimulia uwanjani. Alipofika kwenye mlango chui akaanza kumeza mate. Alipofika kwenye bakuli akalamba midomo. Alipomaliza, mbavu zilikuwa hazionekani tena, na manyoya yalikuwa yanang'ara kama yamepakwa mafuta.

"Mama Kurwa," Mjaka akasema polepole. "Anakula maneno yako."

"Nnaona."

"Basi wako huyu."

Tabia alikuwa ameinamia chungu. Uso ulimwaka kwa haya, akasingizia moshi. "Wangu," akasema. "Hebu nipe sahani za wageni."

Mahema yalipong'olewa, chui alifuatana nao mpaka nyumbani, akachagua pahala pake nyuma ya mlango. Watu wa kijijini walikuja kumwona kama wanavyokwenda kumwona mzazi aliyejifungua, wakatazama, wakapewa maji, wakaondoka. Hapana aliyetaja uchawi. Mume alikuwa mtu wa serikali, na chui alikuwa ameshapigwa picha na Wajerumani.

"Shoga, paka mkubwa huyo!" Mwanakheri akasema. "Unamlisha nini, na mchele wenyewe huu wa foleni?"

"Maneno."

"Basi hafi njaa kijiji hiki."

Alisema kweli. Tabia aliamua kumnyima. Alifunga kinywa, akiulizwa ya Bi Wanu alikuwa akijishughulisha na moto au anamwita Kurwa. Chui akaanza kukonda. Lakini asubuhi alikuwa akitoka mwenyewe, anakwenda kisimani, analala chini ya mpapai wanawake wakiteka maji. Mmoja alikuwa anasema Bi Wanu alimlisha ini. Mwengine akisema alimvalisha ushanga. Yule aliyekuwa Pemba siku zile akasema na yeye alimwona, kwa macho yake. Chui alirudi nyumbani tumbo linagusa chini.

Tabia hakuwa na raha tena. Akifikia kulala, kushoto kwake palikuwa na joto la chui. Siku moja Mjaka alisema neno moja tu, anavaa viatu vya kazi: "Yule mama alimkanda mtoto wetu homa." Akatoka.

Basi Tabia akaenda tawini. Katibu alikuwa Msabah, kijana wa pale pale kijijini, Tabia alimjua tangu anakojoa kitandani. Chui akaingia pamoja naye, akajilaza chini ya meza, juu ya viatu vya Msabah. Msabah akamwachia viatu.

"Nimekuja kwa habari ya Bi Wanu," Tabia akasema. "Sikumwona na chui. Niliona michirizi mikononi mwa mtoto nikaogopa. Nilisema nimeona, na sikuona. Nataka arudishiwe nyumba yake."

Pale pale chui akainuka. Akajinyoosha, akaenda mlangoni, akasimama anaangalia msituni, mguu mmoja ameshautoa nje. Alikuwa kama msafiri anayengoja kuagwa.

Msabah aliona. Akakuna kidevu.

"Sasa Bi Tabia, nyumba ile mna mchele."

"Mchele unahamishwa."

"Unahamishwa wapi? Halafu si mchele tu. Tukisema wewe hukuona, atakuja na yule shahidi wa kijiji cha Charawe atasema hakuona. Atakuja mwengine atasema waliochukuliwa kwake hawakufanya kitu. Tutarudi nyuma mpaka wapi? Wewe mtu mzima, niambie. Mpaka wapi?"

Tabia akautazama mguu wa chui ulio nje.

"Mimi sikukusikia," Msabah akasema, kwa upole kabisa. "Ulikuja kunisalimia."

Chui akaurudisha mguu ndani. Akageuka, akaja akalala tena, safari hii upande wa kushoto wa kiti cha Tabia.

"Lakini kwa huyu, nakupongeza," Msabah akaendelea. "Bwana Dita kaandika barua, wenziwe wanataka kuja kupiga mahema, wamwone. Ni faida kwa kijiji. Isipokuwa huwezi kumweka hivi hivi, lazima awe na kibali." Akatoa karatasi, akaandika, akapiga muhuri, akaupuliza wino ukauke.

Bi Wanu hakuwa na chui, akatolewa nyumbani kwake. Tabia alikuwa naye, akapigiwa muhuri. Alikichukua kile kibali kwa mikono miwili, akasema ahsante. Baadaye, njiani, ndipo ile ahsante ilipomchoma.

Siku ya pili yake alifunga mkungu wa ndizi na nazi katika pakacha akenda Mtoni. Utingo wa gari la shamba akauliza kama na huyu anapanda. Tabia akasema anapanda. Utingo akawaambia abiria wasogee, wakasogea, mzee mmoja akalalamika kwamba mkia unamwingia kwenye kikapu cha mayai. Darajani askari aliwasimamisha. Alikitazama kibali mbele na nyuma, akamtazama chui, akasema muhuri umekaa upande lakini unasomeka. Michenzani mafundi walikuwa juu ya majukwaa wanamwaga zege. Hapana aliyeinamisha kichwa kutazama.

Bi Wanu alikuwa amekaa barazani pa chumba cha uani cha mtoto wa dada yake, anasuka ukili. Nywele zilikuwa zimeota tena, zimeota nyeupe.

"Shikamoo, Bi Wanu."

"Marahaba. Karibu, Tabia. Kurwa hajambo?"

"Hajambo."

"Mikono yake imepona?"

Tabia akaitikia kwa kichwa.

Bi Wanu akaweka ukili chini. Akamtazama chui, kwa muda, kama mtu anayetazama kitambaa dukani. "Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Sijapata kumwona chui, wallahi. Umri wote huu, na msitu nyuma ya nyumba." Akanyoosha mkono, lakini chui akarudi nyuma akajificha kwa Tabia, hakumjua. "Mzuri," Bi Wanu akasema. "Hata simlaumu mtu kumtaka."

Tabia akapiga magoti. Akasema yote, tangu kisimani mpaka paja la mbuzi. Bi Wanu alisikiliza anaokota vipande vya ukindu vilivyoanguka, kimoja kimoja.

"Umekwenda tawini?"

"Nimekwenda."

"Wanasemaje?"

"Wanasema nyumba ina mchele."

"Ahaa."

"Nakuomba radhi, Bi Wanu. Nipe radhi."

"Radhi nshakupa, mwanangu. Nilikupa pale pale uwanjani, nilikuona unavyotetemeka, nikajua huyu anaogopa tu." Akachukua tena ukili wake. "Na nyumba?"

Tabia akainama.

"Basi kula ndizi ulizoleta, njia ndefu," Bi Wanu akasema. "Mimi siku hizi tumbo halipokei."

Tabia alirudi kijijini jua linazama, kashiba ndizi za toba yake mwenyewe. Chui alikuwa kushoto kwake. Radhi haikumwondoa. Huenda radhi ya mtu mmoja haitoshi kwa jambo lililoliwa na kijiji kizima.

Wageni wakaja, kama Msabah alivyosema, na Bwana Dita na mkewe pamoja nao. Mahema yakaongezeka chini ya mitondoo, wakaja na meza za kukunja na taa za gesi. Asubuhi Mjaka aliwapeleka kwenye kima, mchana kwenye mikoko, jioni wakakaa kuuzunguka moto kumtazama chui aliyelala karibu yao. Walipotaka hadithi yake, Tabia aliwapa ya kweli. Aliwaambia hapakuwa na chui mlangoni, hapakuwa na bakuli, palikuwa na mama mwoga na mtoto aliyechomwa na miba. Chui akageuza uso upande wa pili. Wageni walisikiliza kwa heshima, mmoja akauliza saa ngapi kima wanaamka.

"Mama," Bwana Dita akasema, "ile ya kwanza nzuri zaidi."

Tabia akasema ya kwanza imekwisha. Akaenda kupakua. Wali ulikuwa umeshika chini, akawa anaukwangua ukoko, mgongo umewaelekea wageni. Nyuma yake akasikia sauti ndogo, iliyotulia, ya mtoto anayejua maneno yote kwa moyo, kwa kuwa aliyasikia uwanjani ameshikwa mkono, akayasikia mekoni, akayasikia kisimani kila siku ya Mungu.

"Mama alimwona," Kurwa alikuwa anasema. "Magharibi, mlangoni kwa Bi Wanu. Na mimi nilimwona."

Tabia akageuka na mwiko mkononi. Chui alikuwa ameshainuka. Aliuzunguka moto, akapita mbele ya wageni, akaketi upande wa kushoto wa Kurwa. Mtoto akamwekea mkono shingoni bila ya kumtazama, akaendelea na hadithi. Bi Renata akainua darubini. Mjaka akaongeza kuni.

Tabia akapakua wali, kwa kuwa wageni walikuwa na njaa.

Mpaka leo nyumba ya Bi Wanu ni ghala, na kibali kimebadilishwa jina, kimeandikwa la mtoto.

Wenye watoto, yaepukeni haya:

Usiseme umeona jambo ulilolisikia.

Usiyachukue maneno ya kisimani ukayapeleka uwanjani.

Mtoto akikueleza kilichompata, usimtafutie jibu jingine.

Usile kilichochukuliwa kwa mtu aliyefukuzwa, hata ukiletewa mlangoni.

Usikawie kusema kweli mpaka watu wameshaweka vitu vyao juu ya uongo wako.

Ukipewa radhi, usidhani umemaliza.

Usiseme ahsante kabla hujajua unashukuru nini.

Na mbele ya mtoto usisimulie kabisa lile ambalo hutaki kulisikia kinywani mwake.